Dola moja na nusu kwa mita ya mraba: hesabu ya bwawa la mwani wa mafuta

Kila mafuta ghafi yanapopanda bei, mwani hurudi kwenye habari. Tunaambiwa haugombei shamba na mahindi, unakubali maji ya chumvi, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja, na aina nyingine hubeba mafuta robo ya uzito wake mkavu au zaidi. Yote ni kweli. Mwani wenyewe si ule wanaoufunga kwenye kamba akina mama wa Paje na Jambiani. Ni vijimea vya chembe moja, vidogo kiasi cha kuhitaji hadubini, vile vinavyogeuza maji ya dimbwi lililosahaulika kuwa kijani. Lakini kimea kiwe na sifa gani, lazima kikae mahali. Mahali hapo ni bwawa, na naona bwawa limeangusha miradi mingi ya mafuta ya mwani kuliko kasoro yoyote ya kimea chenyewe.

Tuanze na pesa, maana vipimo vyote vya bwawa hutoka humo. Chukulia bwawa la wazi, linalotunzwa vizuri, lenye jua la kutosha mwaka mzima. Wastani wa gramu 15 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku ni mavuno ya heshima. Utasikia watu wakitaja 30 au 50; hizo ni siku nzuri za kiangazi, na mwekezaji halipwi kwa siku nzuri peke yake. Gramu 15 kwa siku ni kama kilo 5.5 kwa mwaka. Robo yake ikiwa mafuta, unapata kilo 1.4 hivi, yaani lita moja na nusu. Ukiiuza kila lita kwa dola 1, ambayo ni bei ya ukarimu kwa mafuta ambayo bado hayajasafishwa kuwa dizeli, mita moja ya mraba inakuingizia dola moja na nusu kwa mwaka. Hektari nzima, dola 15,000.

Humo ndimo zitoke gharama za kuchimba, laina ya plastiki ya kutandika sakafu, umeme, mbolea, hewa ukaa, maji, kuvuna, kukamua, mishahara na riba ya benki. Anayeelewa hesabu hii hahitaji kuambiwa kwa nini mirija ya kioo na mifuko ya plastiki inayopendeza kwenye picha haifai kwa mafuta. Mirija hukuza mwani safi na mzito, na kwa dawa au vipodozi vinavyouzwa kwa gramu inalipa. Kwa bidhaa ya dola 1 kwa lita, kilichobaki ni shimo la kina kifupi ardhini.

Umbo la shimo hilo lilipatikana zamani. Miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mhandisi William Oswald alikuwa akitafuta njia nafuu ya kusafisha majitaka kwa kutumia mwani. Kutokana na kazi yake likaenea bwawa lenye sura ya uwanja wa riadha: mfereji mpana unaojizunguka, ukuta mwembamba katikati, na sehemu moja gurudumu la makasia linalosukuma maji taratibu yaende mzunguko bila kukoma. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mashamba ya California na Hawaii yanayokuza spirulina, mwani unaoliwa kama lishe, yanatumia umbo hilohilo. Watu wamejaribu mengine mengi. Hili limebaki kwa sababu lina sehemu moja tu inayotembea.

Kina na sakafu

Swali la kwanza la kila mgeni ni kwa nini bwawa lisichimbwe mita mbili, likabeba mwani mwingi zaidi. Jibu ni kwamba mwani hula jua, na jua hulipwa kwa eneo. Maji yakishakuwa kijani kisawasawa, mwanga hupenya sentimita chache tu na chini yake ni giza. Ukiongeza kina, huongezi mavuno hata gramu. Unaongeza maji ya kusukuma na maji ya kuchuja siku ya kuvuna.

Na hata zile sentimita za juu haziutumii mwanga wote. Seli ya mwani hushiba kwa sehemu ya kumi hadi ya tano ya jua la mchana. Kinachozidi huigeuza kuwa joto. Ndiyo sababu bwawa halisi hunasa asilimia 1 hadi 3 tu ya nishati ya jua kwa usanisinuru, ingawa hesabu ya nadharia hufika hadi 10 au zaidi kidogo. Maji lazima yachanganywe ili seli za juu zishuke na za chini zipande, kila moja ipate zamu yake. Mchanganyo huo huo huzuia mwani kutuama na kuoza, na huondoa majini oksijeni inayolimbikizana mchana hadi kuanza kuwadhuru walioizalisha.

Basi kwa nini lisiwe la sentimita 5? Kwa sababu mbili. Maji machache hupata joto haraka mchana na baridi haraka usiku, na mvua moja kubwa huyabadilisha kabisa. Sababu ya pili ni sakafu. Katika bwawa la sentimita 20, kilima cha sentimita 5 kilichoachwa na mwendesha greda kimeshakula robo ya kina. Maji hupungua pale, hukimbia kwingine, na nyuma ya kilima tope huanza kujikusanya. Ndiyo maana mabwawa mengi yako kati ya sentimita 20 na 30, na ndiyo maana greda yenye kuongozwa na leza ni matumizi mazuri ya fedha kuliko karibu kifaa kingine chochote utakachouziwa. Kiwanja chenyewe kiwe tambarare tangu mwanzo. Mwinuko wa mita 2 katika kila 100 unaonekana mdogo kwa macho, lakini katika hektari 100 ni milima ya udongo wa kuhamisha, na kuhamisha udongo hulipwa kwa mita ya ujazo.

Plastiki au udongo

Wafugaji wa samaki wanaijua laina, ile karatasi nzito ya plastiki inayotandikwa ili maji yasinywewe na ardhi. Kwa samaki inalipa. Kwa mafuta, fanya hesabu: ukiipata na kuitandika kwa dola 5 tu kwa mita ya mraba, hektari moja imekula dola 50,000, yaani mapato yote ya zaidi ya miaka mitatu kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa mbolea. Jua huila taratibu, na siku itakapochakaa utalipa tena.

Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri ni nafuu mno. Wanaoupinga husema maji yatavuja, tope litapanda na kuziba mwanga, na wadudu watajificha kwenye nyufa. Hoja hizi zilijaribiwa uwanjani. Mpango wa serikali ya Marekani wa kutafuta mafuta ya mwani, ulioanza mwaka 1978 chini ya Wizara ya Nishati na kufungwa mwaka 1996 baada ya kutumia kama dola milioni 25, ulijenga mabwawa Roswell, New Mexico, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mawili makubwa yalikuwa na mita za mraba 1,000 kila moja. Moja lilitandikwa plastiki, jingine halikutandikwa, na hilo la pili nalo liliendeshwa na kuvuna. Mwendo wa maji ndani ya bwawa hili ni wa pole, hauchimbi sakafu iliyoshindiliwa.

Mahali pa kutumia plastiki ni pale panapopigwa: chini ya gurudumu, kwenye kona mbili, na kando ya ukuta ambapo mawimbi madogo hugonga mchana kutwa. Maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL, ilipotoa mwaka 2016 usanifu wake wa shamba la ekari 5,000 za mabwawa ya wazi, ilifuata njia hii: udongo kwa sehemu kubwa, laina kwa sehemu zinazolika. Hata hivyo bei ya mwani wenyewe, kabla ya kugeuzwa mafuta, ilitoka chini kidogo ya dola 500 kwa tani, na hiyo ni kwa mavuno ya gramu 25 kwa siku, ambayo yalikuwa shabaha ya kufikiwa baadaye.

Bila shaka si kila ardhi inakubali. Kwenye mchanga wa pwani udongo wa mfinyanzi utauleta kwa malori, na hapo laina inaweza kuwa nafuu kuliko dizeli ya malori hayo. Na mahali ambapo watu wanakunywa maji ya kisima kilicho karibu, kuvuja kwa maji ya chumvi yenye mbolea ni suala la sheria na afya, hesabu ya dola 5 haina nafasi.

Gurudumu

Hapa ndipo waanzilishi wengi huharibu, na naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo.

Maji yanayozunguka bwawa la hektari moja kwa sentimita 25 kwa sekunde, kina cha sentimita 30, yanahitaji kuinuliwa sentimita chache tu kwenye gurudumu ili yamalize mzunguko. Lakini ni maji mengi: mfereji wa upana wa mita 15 hupitisha zaidi ya mita moja ya ujazo kila sekunde. Kuinua maji mengi kwa kimo kidogo si kazi ya pampu ya kawaida, ambayo hupenda kinyume chake na huzisaga seli zikipita ndani. Gurudumu la makasia, linalozunguka kivivu, hufanya kazi hiyo kwa upole na fundi wa kuchomelea vyuma wa mjini anaweza kulitengeneza.

Ukihesabu msuguano wa sakafu, upotevu wa kwenye kona na udhaifu wa gurudumu lenyewe, hektari moja kwa mwendo huo inakula kama kilowati 2. Kwa saa 24 ni uniti 48. Kwa senti 10 za dola kwa uniti, ni dola 1,750 kwa mwaka. Inaumiza, lakini inabebeka.

Sasa meneja anasema maji yanaonekana kulala, ongeza mwendo. Msuguano hupanda kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wake. Ukizidisha mwendo mara mbili, kutoka sentimita 25 hadi 50, umeme hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nane. Kilowati 2 zinakuwa 16, uniti 48 zinakuwa 384 kwa siku. Weka pembeni yake mafuta ambayo hektari hiyo huzalisha kwa siku: kilo 37.5, zenye nishati ya joto sawa na uniti 385. Yaani mwendo huo unateketeza umeme ulio sawa na mafuta yote uliyokusudia kuuza, na umeme ni bidhaa ya thamani kuliko joto, maana kuupata kwa kuchoma mafuta hupoteza zaidi ya nusu. Biashara imekwisha kwa kugeuza kitufe.

Kwa hiyo mwendo wa bwawa la mafuta ni sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde, na wengi hupunguza zaidi usiku, wakati hakuna jua la kugawana. Kitu kingine kinachofuata ni kona. Maji yanapogeuka nyuzi 180 hukimbilia upande wa nje, na upande wa ndani, nyuma ya ncha ya ukuta wa kati, hubaki eneo lililokufa ambako mwani hutuama, huoza na kuambukiza uliobaki. Mbao au mabati machache yaliyopindwa, yakisimamishwa kwenye kona kuelekeza maji, hugharimu kidogo na huokoa mengi. Na kwa kuwa hasara ya kona ni ileile bwawa likiwa dogo au kubwa, mabwawa marefu na makubwa hushinda. Usanifu ule wa NREL ulitumia mabwawa ya ekari 10 kila moja, kwa sababu mabwawa ya ekari 2 yalitoa mwani wa bei kubwa zaidi.

Chakula cha mwani

Kilo moja ya mwani hutengenezwa kwa takriban kilo 1.8 za hewa ukaa. Hektari yetu ya kilo 150 kwa siku inahitaji kilo 270. Hewa tunayovuta inayo hewa ukaa, lakini kidogo sana: ungelazimika kunyang'anya yote iliyomo katika zaidi ya mita za ujazo 350,000 za hewa kila siku. Uso wa bwawa hauwezi kufyonza kwa kasi hiyo, kwa hiyo mwani unaotegemea hewa peke yake hukua kwa unyonge.

Moshi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe una hewa ukaa asilimia 10 hadi 15, na kwa kipimo hicho mita za ujazo 1,250 hivi zingetosha. Hapo ndipo wazo la kujenga bwawa pembeni ya kituo cha umeme lilipozaliwa. Usanifu wake ni rahisi: shimo la mita moja hadi moja na nusu linakatwa kukingama mfereji, viputo vinatolewa chini yake, na maji yakipita hunywa gesi kabla haijafika juu. Mabwawa ya Roswell yaliweza kutumia zaidi ya asilimia 90 ya hewa ukaa yaliyopewa, kwa hiyo shimo halina tatizo. Tatizo liko kwenye bomba. Moshi una naitrojeni nyingi kuliko kingine chochote, na kuusukuma kilomita kadhaa ni kulipia umeme wa kusafirisha kitu usichokihitaji. Na kituo cha umeme hutoa moshi usiku na mchana, ilhali mwani hula mchana tu.

Mbolea nayo haisemwi sana. Naitrojeni ikiwa asilimia 7 ya mwani mkavu, hektari moja hubeba kilo 10.5 kila siku, karibu tani 3.8 kwa mwaka. Kwa urea ni tani 8.3, yaani mifuko 167 ya kilo 50. Mkulima yeyote wa mahindi wa Iringa au Kitale ataitazama tarakimu hiyo mara mbili. Urea ikiwa dola 400 kwa tani, ni dola 3,300 katika zile 15,000, na fosforasi bado. Kuna njia ya kujiokoa: mafuta yenyewe hayana naitrojeni, ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua yakiingizwa kwenye mtambo wa biogesi, gesi huendesha magurudumu na naitrojeni hurudi bwawani kwenye maji yanayotoka. Shamba la mafuta lisilo na mtambo huo halifungi hesabu.

Maji yanapotea kwa kuvukizwa. Mahali penye jua kali na ukame, milimita 6 kwa siku ni kawaida, na hiyo ni lita 6 kwa mita ya mraba ili kupata mililita 4 za mafuta. Karibu lita 1,500 za maji kwa lita moja ya mafuta. Ndiyo maana watu husema tumia maji ya bahari. Sawa, lakini chumvi haivukizwi. Bwawa la sentimita 25 hupoteza maji sawa na ujazo wake wote kwa wiki sita. Ukijazia kwa maji ya bahari, baada ya wiki hizo chumvi imekuwa maradufu, na usipomwaga sehemu ya maji mara kwa mara utakuwa umefungua kiwanda cha chumvi. Maji hayo yanayomwagwa nayo yanataka mahali pa kwenda.

Kuvuna

Bwawa lililoiva, lenye rangi nzito inayompendeza mgeni rasmi, lina nusu gramu ya mwani kwa lita. Maji ni asilimia 99.95. Kuvuna kilo 150 kwa siku ni kushughulikia mita za ujazo 300. Mashine ya kuzungusha kwa kasi, aina ile inayotenganisha malai na maziwa, ingefanya kazi nzuri, ila hata tukiikadiria kwa uniti moja kwa mita ya ujazo ni uniti 300 kwa siku. Kumbuka mafuta yote ya siku ni uniti 385.

Njia nafuu ni kuacha uzito ufanye kazi. Maji ya mavuno huingizwa kwenye tangi refu tulivu. Seli zikishikamana makundi, ama zenyewe ama kwa kusaidiwa na kemikali kidogo, hutua chini, na unachota uji wa gramu 10 au zaidi kwa lita. Mita za ujazo 300 zimekuwa 15. Sasa mashine ije, iwe ndogo. Maji ya juu yanarudi bwawani na mbolea iliyobaki.

Aina ya mwani huamua sana hapa. Spirulina ni nyuzi zilizojiviringisha, ndefu kiasi cha kunaswa na kitambaa. Wanawake wa Kanem, pembezoni mwa Ziwa Chad, huikusanya na kuikausha juu ya mchanga, huiita dihé, na hawajawahi kuhitaji mashine. Spirulina hiyohiyo ndiyo inayowalisha heroe wadogo wa Nakuru, Bogoria na Natron, ikiishi kwenye maji ya magadi ambayo wadudu wengi hawayawezi na ambayo yana kaboni tele iliyoyeyuka. Kwa mhandisi wa bwawa ni kiumbe wa ndoto: huvunwa kwa ungo, hujilinda, haulizi sana hewa ukaa. Kasoro yake ni moja. Mafuta yake kwa kawaida hayafiki asilimia 10.

Wageni bwawani

Aina zenye mafuta mengi huwa na tabia mbaya ya kukua polepole. Kujaza mafuta ni kuweka akiba, na seli huweka akiba hasa inapokosa naitrojeni na kuacha kugawanyika. Katika bwawa la wazi, seli iliyoacha kugawanyika huzidiwa na jirani asiye na mafuta aliyeletwa na upepo au mguu wa ndege. Roswell walilijua hilo kwa vitendo: aina zilizoletwa kutoka mkusanyiko wa maabara zilisukumwa nje na za wenyeji. Mpango huo ulikuwa umekusanya zaidi ya aina 3,000. Somo lililobaki ni kuanza na kiumbe aliyejileta mwenyewe kwenye maji ya eneo lako. Baridi ya usiku wa jangwa nayo iliwaangusha. Kuna siku zilizovuka gramu 50, lakini wastani ulikaa karibu na 10.

Kisha kuna walaji. Rotifa, wanyama wadogo wenye njaa isiyokwisha, wanaweza kulisafisha bwawa kwa siku chache, na kuvu wanaoshambulia seli ni wabaya zaidi. Dawa zipo, ila kinga kubwa ni ya usanifu: mabwawa kadhaa badala ya moja, ya kila ukubwa, ili kila mara mbegu safi ianze kwenye dogo lililofunikwa, ihamie la wastani, kisha kubwa, na bwawa linapougua likaushwe, lipigwe jua, lijazwe upya.

Kampuni ya Sapphire Energy ililijaribu jambo hili kwa ukubwa kuliko wengi. Mwaka 2009 ilipata ruzuku ya dola milioni 50 kutoka Wizara ya Nishati ya Marekani na dhamana ya mkopo ya dola milioni 54.5 kutoka Wizara ya Kilimo, ikajenga ekari kama 100 jirani na Columbus, New Mexico. Mabwawa yalifanya kazi, mwani ulivunwa, mkopo ulilipwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata pipa la mafuta ghafi lilianza kuporomoka kutoka zaidi ya dola 100, na mapema 2015 lilikuwa chini ya 50. Rudi kwenye dola moja na nusu yetu, uigawe kwa mbili, uone kama unaweza kulipa mishahara. ExxonMobil nayo, iliyotangaza mwaka 2009 kwamba ingeweza kutumia hadi dola milioni 600 katika utafiti wa mwani, imekwishajitoa.

Majitaka

Oswald hakuanza na mafuta. Alianza na maji machafu, na ukiitazama orodha ya gharama utaona kwa nini wazo lake limedumu: ukubwa wa ardhi, uchimbaji, magurudumu na usimamizi hulipwa na anayetaka maji yasafishwe, mbolea inakuja bure, tena unalipwa kuiondoa. Huko Christchurch, New Zealand, bwawa la aina hii lilijengwa kwa majaribio kwenye mtambo wa jiji, hektari 5 kwa jumla, hewa ukaa ikiongezwa. Huko Chiclana, kusini mwa Uhispania, mradi ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Umoja wa Ulaya uliacha kabisa kukamua mafuta: mwani wa majitaka ukawekwa kwenye mtambo wa biogesi, gesi ikasafishwa, ikatiwa kwenye magari. Kuacha mafuta kunaondoa hatua mbili za gharama, kukausha na kukamua, na kunaruhusu mwani wowote unaojiotea. Binafsi naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii.

Mabwawa ya majitaka si mageni kwetu. Ya Ruai yanayohudumia Nairobi na ya Vingunguti, Dar es Salaam, ni ya kijani kwa sababu mwani umo tayari, ukitoa oksijeni kwa bakteria wanaokula uchafu. Tofauti ni kwamba hayo ni ya kina kirefu, hayana gurudumu, maji hukaa humo siku nyingi, na mwani hutoka na maji kwenda mtoni badala ya kuvunwa.

Kabla mtu hajaandika andiko la mradi kwa mamlaka ya maji, apige hesabu moja zaidi. Mtu mmoja hutoa kama gramu 10 za naitrojeni kwa siku. Hektari yetu inayohitaji kilo 10.5 italishwa na watu kama 1,050. Lita 15,000 za mafuta kwa mwaka ukiwagawia, kila mmoja anapata lita 14 na ushei, zisizofika nusu ya tangi la gari dogo. Jiji la watu milioni moja lingehitaji karibu hektari 1,000 za mabwawa, ardhi ambayo pembeni ya jiji hilo huenda imeshauzwa viwanja.